Nauza Kapenta ya Pweto

Watu wakinijia kuuliza namna ya kufungua duka kwenye simu, huwa naanza na picha. Samaki mkavu, nawaambia, hana sura. Ukimpiga picha juani anang'aa kama msumari. Ukimpiga kivulini anafanana na jani lililoanguka mwaka jana. Dawa yake ni kumlaza kwenye sinia jeupe karibu na mlango, asubuhi, jua likiwa bado chini, kisha kumwondoa paka. Hili la paka msilidharau. Picha yangu ya kwanza ilipata mioyo mingi mno, nikatembea siku nzima nikiwa nimevimba kichwa, mpaka niliposoma maoni. Karibu wote walikuwa wanauliza paka ni wa bei gani.

Kwa hiyo wewe unayeanza leo, usiogope. Kila mtu huanza na paka.

Mimi sikuwa mchuuzi. Nilikuwa mwalimu wa madarasa ya chini, hapa hapa Lubumbashi, nikifundisha kusoma na kuandika. Kisha ukaja mwaka ambao vitu vilianguka kimoja baada ya kingine, kama vyombo kwenye kabati lililovunjika mguu. Vita vya mashariki vilikata barabara. Bidhaa za kule zikaacha kufika, wakafika watu badala yake. Bei ya unga ilikuwa moja asubuhi na nyingine ukirudi na mfuko. Umeme ulikuja kama mgeni mkubwa, bila taarifa, na haukukaa. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilifungwa "kwa muda mfupi". Wafanyakazi wakaambiwa wapumzike, kisha walinzi wakaambiwa wapumzike, na mwishowe geti lenyewe likatoweka, hadi leo hatujui limepumzikia wapi. Shuleni kwetu wazazi walishindwa kulipa, watoto wakapungua, tukachanganya darasa la pili na la tano, na mkurugenzi akatuita kutuambia neno lile lile: pumzikeni.

Mume wangu alikuwa na jibu. Mjomba wake analima Lukafu, na mwishoni mwa mwezi angekuja mjini na gari lake kununua mbegu. Tungepakia vitu vyetu, tungerudi naye, tungelima.

"Kule hakuna kiwanda cha kufunga," aliniambia.

"Wala cha kufungua," nikamjibu.

Nilikuwa na sababu zangu. Nimezaliwa katika mji huu. Na mimi na udongo hatuelewani: katika bustani ya shule niliwahi kupanda maharage, na kila asubuhi nikayafukua kuona kama yameota. Hayakuota, na watoto walinifundisha kwa nini. Nilijiona Lukafu, nikifukua shamba zima la watu.

Basi tukafanya mapatano. Dada yangu mkubwa anayeishi Pweto, kando ya ziwa, alikuwa amenitumia magunia ya dagaa wakavu, ambao huku tunawaita kapenta, na magunia hayo yalikuwa yamejaa sebuleni hadi wageni wakawa wanayakalia. Kama ningeyamaliza kabla gari la mjomba halijafika, tungebaki mjini na ningeagiza mengine. Kama yangebaki, tungefungasha. Tulipeana mikono kama marais wawili. Kisha mume wangu akaenda uani na jembe kufanya mazoezi, akalima tuta moja lililopinda kama mkia wa mjusi.

Sokoni nilijaribu, lakini sokoni kila mtu alikuwa amekuwa mchuuzi. Wauzaji walikuwa wengi kuliko wateja, tukawa tunaangaliana. Aliyenitoa huko ni jirani yangu. Yeye ni Lushoise, mtu wa Lubumbashi, kama mimi, ila wazazi wake walitoka Kasai, na alisoma sheria hadi mwisho. Sasa alikuwa anauza nywele za bandia kwa simu, na biashara yake ilikuwa inakwenda hata siku ambazo mji mzima ulikuwa gizani.

"Yaya," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, kama dada mkubwa, "soko haiko tena ku soko. Soko iko mu téléphone. Bantu bote beko mule, banaangalia tu. Weye baonyeshe kintu."

Akanifungulia ukurasa. Akanifundisha kuweka picha, kuingia kwenye magrupu ya mitaa, na kufanya direct, yaani kujionyesha moja kwa moja huku watu wakikutazama. Direct yangu ya kwanza niliifanya nimesimama mbele ya magunia, nimevaa kitenge cha kanisani. Nilipoona taa nyekundu inawaka, miaka yangu yote ya ualimu ilinipanda kichwani.

"Hamjambo watoto!" nikasema. "Huyu ni nani? Huyu ni samaki. Semeni wote."

Mtazamaji alikuwa mmoja tu, mwenye picha ya simba. Lakini alikuwa mtazamaji mzuri ajabu. Kila nikifungua mdomo alinitumia moyo. Nikamweleza simba yule namna ya kuosha kapenta kwa maji ya vuguvugu, namna ya kukaanga na nyanya, namna ya kula na bukari, yaani ugali, mioyo ikamiminika. Baada ya muda nikagundua kwamba kila moyo ukifika kwenye simu yangu, kitu kinalia "tii" nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kulala. Nikaufungua. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani na simu yake.

"Nilikuwa nakusaidia, chérie," alisema. "Nisingekubali ubaki peke yako mule."

Wanawake wenzangu, mume wa namna hiyo anaweza kukupeleka Lukafu, lakini huwezi kumkasirikia kwa muda mrefu.

Jirani alisema tatizo ni maneno. "Andika, Yaya. Tena andika mu français. Français inaonekana sérieux."

Hapo nilikataa. Anayekula kapenta, nilimwambia, anaongea Kiswahili, nami nitamwandikia Kiswahili. Na hapa lazima nieleze jambo polepole, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibikia.

Sisi watu wa Lubumbashi tuna Viswahili viwili. Kimoja ni cha mdomoni, cha nyumbani na cha sokoni, ambacho tumekitia Kifaransa, Kibemba na Kiluba hadi kimenenepa vizuri. Kingine ni cha vitabu, tunakiita bora, na hicho unakikuta katika Biblia na ubaoni. Mimi cha mdomoni nilikinyonya, cha ubaoni nilikifundisha. Na nikishika kitu chochote cha kuandikia, iwe chaki au simu, mkono wangu huenda wenyewe kwenye bora. Sikuwahi kuandika Kiswahili cha nyumbani maishani mwangu. Ningejiona kama naingia kanisani na kanga ya kulalia.

Basi nikaketi, nikaandika tangazo kwa usafi wote niliofundishwa:

"Nauza kapenta ya Pweto, kavu na safi. Kiasi chochote. Malipo papo hapo. Fikeni nyumbani siku ya posho asubuhi."

Siku ya posho ni Jumamosi. Nikaongeza maelezo ya mtaa na rangi ya geti letu. Jirani aliitazama picha, akasema sinia liko vizuri na paka hayupo. Maneno hakuyasoma, kwa kuwa Kiswahili cha vitabu, husema, humuumiza macho.

Tangazo lile liliondoka kama kuku aliyefunguliwa. Kabla ya chakula cha mchana lilikuwa limeshapita katika magrupu ambayo sikuyajua: la wenye malori, la wanakwaya, la watu wa Kilwa (yetu ya ziwani, si ile ya pwani) waishio mjini. Mume wangu alitua jembe, akaja kusoma maoni juu ya bega langu.

"Ni kiasi chochote kweli, madame?" mmoja aliuliza.

"Kweli kabisa," nikaandika.

"Hata magunia kumi?"

"Hata kumi!"

"Ni cash?"

"Cash, papo hapo."

"Mungu akubariki, mama. Kumbe bangali bantu bazuri mu hii inchi."

Nilimsomea mume wangu hilo la mwisho mara mbili. Nilifikiri ni mteja mwenye njaa sana. Mume wangu alilitazama tuta lake lililopinda, kwa huzuni, kama mtu anayeliaga.

Jumamosi niliamka mapema, nikatandaza mkeka, nikaweka mizani na sinia. Nilipofungua geti nilikuta foleni. Ilianza mlangoni, ikapita kwa jirani, ikakunja kona. Watu walikuwa na mabeseni kichwani, magunia begani, mizigo juu ya baiskeli. Nikasema moyoni, tazama wateja wenye akili, wamekuja na mifuko yao wenyewe.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na beseni lililofunikwa kitambaa. Alikuwa ametoka Kilwa, na vumbi la barabara ile lilikuwa bado liko kwenye nyusi zake.

"Mama, ni weye njo unatangaza kapenta?"

"Ni mimi! Karibu sana."

"Aksanti. Basi, pima."

"Nipime kiasi gani?"

"Yote."

Moyo uliruka. Nilikimbia ndani, nikarudi nikiburuta gunia kwa nguvu zangu zote, nikalitua miguuni pake. Alilitazama, akanitazama.

"Ile ni ya nani?"

"Ni yako sasa, mama."

"Yangu? Yangu ni hii." Akafunua beseni. Lilikuwa limejaa kapenta.

Nilidhani anataka tulinganishe. Nikachukua mmoja, nikamnusa, nikamsifu kwa ukarimu. "Yako pia ni nzuri sana."

"Njo maana niliileta," akasema, akanyoosha mkono wake. Nami nikanyoosha wangu. Tukabaki hivyo, kila mmoja akingoja pesa za mwenzake, tukitabasamu. Nyuma yake mtu alipiga kelele: "Mama, fanya mbio! Shiye wengine tulisukuma kinga tangu jana!" Kinga ni baiskeli, na ya kwake ilikuwa imebeba magunia hadi haionekani. Ndipo nilipoangalia ile foleni vizuri. Hapakuwa na mfuko mtupu hata mmoja. Mji mzima uliokuwa umeshindwa kuondoa samaki wake ulikuwa umesimama getini kwangu.

Mume wangu alitoka na kaptula ya kulalia, simu mkononi.

"Chérie," alisema kwa upole, "hapa uliandika nini?"

"Nauza kapenta."

"Unauza."

"Ndiyo, nauza!"

"Na hii ya ku nyumba, unaifanya nini?"

"Naiuza!"

"Unaiuza tena? Si iko yako tayari?"

Kisha akaketi juu ya gunia, akajifunika uso kwa mikono, na mabega yake yakaanza kutikisika. "Chérie, weye *unauzisha*! Unau-zi-sha!"

Wewe uliyekulia kwingine labda bado unashangaa, kwa hiyo nieleze. Katika vitabu, anayeuza hutoa kitu akapokea pesa. Katika vinywa vyetu Lubumbashi, anayeuza ndiye anayetoa pesa akapokea kitu. Tunaenda sokoni kuuza nyanya, na tunarudi nazo. Anayetaka kuziondoa, huyo anauzisha. Nilijua yote mawili. Kila siku nilimwambia mume wangu kwa mdomo "naenda kuuza makala", yaani mkaa, na kila siku nikawafundisha watoto kinyume chake kwa chaki, na maneno hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwangu hadi asubuhi ile. Nilikuwa nimewaambia watu wenye dhiki, kwa lugha yao, kwamba niko tayari kununua kapenta yote ya Haut-Katanga, kiasi chochote, cash.

Habari ilirudi nyuma ya foleni kama upepo, na mnong'ono uliorudi mbele haukuwa mzuri. Yule wa kinga aliitua chini. "Madame, utatupatia franka ao utatupatia hadisi?"

Nilifanya kitu pekee ninachokijua. Nilipanda juu ya kigoda, nikapiga makofi mawili.

"Sikilizeni! Mwenye kutoa pesa, mtaani tunasema anafanya nini?"

Alijibu yule mama wa Kilwa, kwa sauti ya mtu aliyekaa darasani zamani: "Anauza."

"Vizuri sana! Na kitabuni?"

"Hatujue kitabu!" mwingine akapaza sauti.

"Kitabuni *ananunua*. Semeni wote!"

"A-na-nu-nu-a!" Walisema, naapa, watu wazima na mabeseni yao.

"Na mwalimu mwenye kukosa," akauliza wa kinga, "anachapiwa wapi?"

Ua wote ulilipuka. Hata mimi nilicheka hadi kigoda kikayumba. Niliwaomba radhi, nikawaambia ukweli, kwamba mimi mwenyewe nina samaki hadi sebuleni na wageni wanawakalia. Walitaka kuona. Wakaingia wachache wachache, wakaona, wakanipa pole ya dhati kama kwenye matanga.

Nilichokuwa sijui ni kwamba jirani alikuwa juu ya ukuta wake na simu, akifanya direct tangu nilipopanda kigodani. "Yaya, usishuke!" akanipigia kelele. "Bantu banaongezeka! Rudilia ile ya 'ananunua'!" Nilirudia. Nilifundisha pia kuazima na kuazimisha, kwa vile walikuwa wameniuliza. Na watu wa mitaa ya karibu, waliokuwa wanatazama wakiwa wamelala kwa kukosa kazi, walianza kufika kumwona yule madame kwa macho yao. Walipofika walikuta kapenta bora ya Kilwa na Pweto imejipanga barabarani, na wenye nayo hawana hamu ya kuirudisha nyumbani. Wakaanza kuuza. Nasema kuuza kwa maana ya mtaani: walitoa pesa.

Kabla jua halijafika kichwani alikuja baba mmoja mwenye duka la jumla, mtu wa Butembo. Malori yake yalikuwa yamesimama tangu njia ya mashariki ilipokatika, na alikuwa anatafuta mzigo wowote wa kupeleka Likasi na Kolwezi. Aliuona umati, akavua kofia.

"Kwanza tuombe," alisema.

Tukaomba. Aliombea barabara, matairi, mizani, na mwalimu ambaye Bwana amfungue ulimi wake. Ilikuwa sala ndefu. Mtoto wa yule mama alilala, akaamka. Baada ya "amina" alipakia kila kilichobaki getini, hadi lori likashindwa kufunga mlango.

Mmeshaona tatizo. Kila mtu alikuwa ameondoa kapenta yake isipokuwa mimi. Yangu ilikuwa ndani, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuingia ndani wakati nje kulikuwa na nyingine. Zaidi ya hapo, wenye mizigo walikataa kuondoka bila kushukuru. Mama wa Kilwa alinimiminia sahani mbili. Wa kinga aliniachia nusu gunia. "Madame, juma kesho tutakuya tena," alisema. "Utatuandikia? Paka vile vile. Usibadirishe hata kintu." Paka huyu wa mdomoni si mnyama, ni "tu".

Walipokwisha kuondoka, mimi na mume wangu tulisimama sebuleni. Magunia yalikuwa mengi kuliko asubuhi.

"Tulipatana," alisema, na sauti yake haikuwa ya ushindi.

"Tulipatana," nikasema. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitawaaga akina nani. Mapatano ni mapatano. Akachukua simu, akampigia mjomba Lukafu, akaweka sauti ili nami nisikie.

"Mujomba, shikamoo. Tunakungojea na motokari. Shiye tuko tayari kufunga bintu."

"Allô! Njo nilikuwa natafuta kukupigia!" Mjomba alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye mbali na mtandao. "Niko huku juu ya kilima, na bantu ya kijiji yote. Tuliona bibi yako mu téléphone!"

"Ndiyo, mujomba, lakini—"

"Anauza! Anasema anauza, kiasi chochote!"

"Hapana, mujomba. Ile alikosea. Alitaka kusema anauzi—"

"Usinikatize, mega zinaisha. Niko na mahindi. Niko na mihogo. Jirani yangu iko na mbuzi. Siku ya posho yenye kuya, tuko kwako bote."

"Lakini shiye tunakuya kwako! Kulima!"

"Kulima nini? Mahindi iko, wa kuuza njo hakuna. Motokari itajaa, haina nafasi ya kurudisha bantu. Mubaki paka pale. Mutupangie nafasi."

Simu ikakatika. Mume wangu aliitazama kwa muda, kama inaweza kuwa na kitu kingine cha kusema. Kisha akaitazama sebule, magunia, makochi, kabati. Akapima ukuta kwa mikono, akahesabu kwa midomo.

"Kochi kubwa inaweza kuingia mu chumba," alisema.

"Na mbuzi atalala wapi?" nikamuuliza.

"Shika kwanza upande ule," akasema, naye akainama kushika upande wake.